Tumbusi Wakitoweka, Nani Atazika Mizoga?



Huenda wengine mtashangaa. Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe na chanjo za watoto. Mwezi huu tunazungumzia tumbusi, yule ndege mwenye shingo tupu anayekula mizoga, ambaye watoto humcheka na watu wazima humwona mkosi. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, maana habari za ndege huyu zinafika hadi wodini kwetu.

Sisi wauguzi tunaogopa magonjwa mengi, lakini kichaa cha mbwa kina hofu ya peke yake. Mgonjwa akishaanza kuyaogopa maji, hatuna tena dawa ya kumrudisha. Kinachobaki ni kumpunguzia mateso, kumwita padre, na kukaa na familia yake. Mara nyingi mgonjwa huyo ni mtoto. Mara nyingi pia tunaambiwa kwamba aling'atwa wiki kadhaa zilizopita, kidonda kikapona, wote wakasahau. Basi tuliposoma jinsi nchi nzima ilivyopoteza tumbusi wake, na jinsi mbwa na vifo vya watu vilivyofuata nyuma, tuliona habari hizi si za wataalamu wa ndege peke yao.

KADI YA MTOTO NA KADI YA VIUMBE

Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki anaijua kadi. Mtoto akipimwa mara moja tu na mzani ukaonyesha kilo 9, hatuwezi kusema mengi. Lakini akipimwa kila mwezi na nukta zikaunganishwa, mstari huanza kuzungumza. Ukipanda, tunamshukuru Mungu. Ukilala, tunaanza kuuliza maswali: anakula nini, anaharisha, mama ana mimba nyingine? Uzuri wa kadi ni kwamba hutuonya kabla mbavu hazijaonekana.

Namba ya namna hiyo huitwa kiashiria. Yenyewe si ugonjwa, bali inaonyesha hali inavyokwenda. Homa ni kiashiria. Wingi wa damu kwa mama mjamzito ni kiashiria. Viumbe wa Mungu nao wana viashiria vyao. Wataalamu hutumia neno bioanuwai, yaani wingi wa aina mbalimbali za mimea, wanyama, ndege, samaki na wadudu wanaoishi pamoja na kutegemeana. Ili kujua kama bioanuwai inapungua, mtu hawezi kutegemea macho na kumbukumbu tu. Macho huzoea. Kijana wa leo akiona tumbusi 5 husema ni wengi, kwa sababu hakuwaona 50 wa babu yake.

Kwa hiyo viumbe huhesabiwa, na hesabu hiyo ina masharti kama ya kliniki. Ifanyike mahali palepale, majira yaleyale, kwa njia ileile. Tena lazima iwepo hesabu ya mwanzo ya kulinganishia. Ukimpima mtoto leo akiwa na viatu na kesho bila viatu, umejidanganya mwenyewe.

TUMBUSI WA INDIA

India ina ng'ombe wengi sana, na Wahindu walio wengi hawali nyama yake. Ng'ombe akifa, tangu zamani mzoga ulitupwa nje ya kijiji, ngozi ikachunwa, na tumbusi wakamaliza yaliyobaki. Kundi kubwa la tumbusi huweza kubakiza mifupa mitupu kwa muda mfupi kuliko Misa ya Jumapili. Mungu alimpa ndege huyu tumbo lenye tindikali kali mno, linaloua vijidudu vingi ambavyo vingemwangusha mnyama mwingine. Alikuwa bwana afya wa kijiji asiyedai mshahara.

Katika miaka ya 1980 tumbusi mwenye mgongo mweupe alifikiriwa kuwa mmoja wa ndege wakubwa wala nyama walio wengi kuliko wote duniani. Kwa kuwa walikuwa wengi namna hiyo, ni wachache walioona haja ya kuwahesabu.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Bwana Vibhu Prakash, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika hifadhi ya Keoladeo, karibu na mji wa Bharatpur, jimbo la Rajasthan. Msimu wa 1987 hadi 1988 viota vya tumbusi huyo hifadhini vilikuwa 353. Msimu wa 1996 hadi 1997 vikawa 150. Chini ya miti walikutwa ndege waliokufa, na wengine walining'inia matawini, shingo zimelegea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapakuwa na kiota hata kimoja. Hebu tufikiri: kama ile 353 isingeandikwa, mtaalamu angebaki kusema tu kwamba ndege wamekuwa wachache, na nani angemsikiliza?

Hifadhi moja haitoshi kuhukumia nchi nzima, kama vile mtoto mmoja mkondefu hatoshi kusema kijiji kina njaa. Kwa bahati njema, kati ya 1991 na 1993 watu walikuwa wamepita na gari katika barabara nyingi za India wakihesabu ndege wala nyama. Kuanzia mwaka 2000 hesabu ile ilirudiwa kwa njia hiyohiyo. Ilipofika 2007 mstari ulikuwa umeanguka kabisa. Tumbusi wenye mgongo mweupe walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.9. Maana yake, mahali palipokuwa na ndege 1,000 alibaki 1. Jamaa zake wawili, wenye midomo mirefu, walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 97.

KUMTAFUTA MUUAJI

Hapa tunajifunza jambo la pili. Kiashiria hupiga kengele, lakini hakitaji ugonjwa. Homa inasema mtoto anaumwa. Haisemi kama ni malaria au nimonia. Kwa tumbusi wengine walidhani ni virusi, wengine dawa za mashambani, wengine uhaba wa chakula.

Ilibidi kufungua maiti. Nchini Pakistan, ambako ndege walikuwa wakifa vilevile, kikundi kilichoongozwa na daktari wa mifugo kutoka Marekani, Lindsay Oaks, kiliwapasua tumbusi 259 waliokufa. Katika kila 100, wapatao 85 walikutwa na ungaunga mweupe kama chokaa umepakaa moyo, ini na figo. Hiyo ni dalili kwamba figo zimeshindwa kazi na taka ya mkojo imebaki mwilini. Walitafuta virusi, hawakuona. Walitafuta sumu zilizojulikana, hawakuona. Ndipo wakajiuliza: ng'ombe hawa wanapewa dawa gani kabla ya kufa?

Jibu lilikuwa diklofenaki. Wengi wenu mnaijua dawa hii, maana mmeandikiwa kwa maumivu ya mgongo na viungo. India na Pakistan ilikuwa imeanza kutumiwa sana kwa ng'ombe wagonjwa, kwa kuwa ni rahisi na inatuliza haraka. Ndege 25 wenye ungaunga ule walipopimwa, wote 25 walikuwa na dawa hiyo mwilini. Ndege 13 waliokufa kwa sababu nyingine walipopimwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2004.

Hata hivyo watu waliuliza: ng'ombe wangapi hasa hufa wakiwa na dawa mwilini? Wataalamu wakapiga hesabu. Mzoga mmoja hulisha tumbusi wengi, na tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kinda huchukua kama miaka 5 kabla ya kuzaa. Wakaona kwamba ili ndege wapungue kwa kasi ile, ingetosha mzoga mmoja wenye dawa katika kila 130, au hata mmoja katika 760. Baadaye maini ya ng'ombe waliokufa yalipopimwa India, karibu moja katika kila 10 lilikuwa na diklofenaki. Sumu ilikuwa inatosha na kubaki.

MIZOGA ILIYOBAKI

Tumbusi walipokwisha, ng'ombe hawakuacha kufa. Mizoga ikaoza kandokando ya vijiji na mitaroni. Waliokuja kula ni mbwa wasio na mwenyewe. Mbwa hali upesi wala hamalizi, na tumbo lake haliui vijidudu kama la tumbusi. Wakashiba, wakazaana. Mwaka 2008 watafiti walikadiria kwamba kati ya 1992 na 2006, ongezeko hilo la mbwa lilileta vifo vya kichaa cha mbwa karibu 48,000 zaidi ya vile ambavyo vingetokea.

Mwaka 2024 wataalamu wawili wa uchumi, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walitoa hesabu pana zaidi. Walilinganisha wilaya ambazo tumbusi walikuwa na makao mazuri na wilaya ambazo hawakuwa wengi tangu awali. Kabla ya dawa kuenea, vifo vya watu katika makundi hayo mawili vilikwenda sambamba. Baadaye wilaya zilizopoteza tumbusi zilizidi kwa vifo kwa zaidi ya asilimia 4. Waliangalia pia mauzo ya chanjo ya kichaa cha mbwa na uchafu wa maji ya mito, navyo vikaelekea upande huohuo. Kwa makadirio yao, kati ya 2000 na 2005 watu wapatao 500,000 walikufa zaidi ya kawaida. Hayo ni makadirio, si majina yaliyosomwa kaburini moja moja. Lakini hata tukiyapunguza nusu, ni msiba ambao wengi wa waliozika hawakujua ulianzia wapi.

India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na Bangladesh ikafuata 2010. Ilipatikana dawa nyingine ya maumivu, meloksikamu, isiyowadhuru tumbusi. Tangu hapo hesabu za barabarani zinaonyesha kwamba nchini India anguko lile kubwa limetulia, ingawa ndege waliobaki ni wachache mno, na nchini Nepal wameanza kuongezeka taratibu. Mstari uliokuwa umeanguka unaweza kuinuka, ila haurudi kwa siku moja.

TUSISOME NAMBA VIBAYA

Kwa kuwa tunasifu namba, tuseme pia hatari yake. Kila baada ya miaka miwili redio na magazeti hutangaza kipimo kimoja cha dunia nzima cha wanyama wenye uti wa mgongo. Taarifa ya 2024 ilisema kwamba kati ya 1970 na 2020 makundi yaliyofuatiliwa yalipungua kwa wastani wa asilimia 73. Wengi walielewa kwamba katika kila wanyama 100 wamekufa 73. Sivyo.

Tuchukue mfano rahisi. Kijiji cha kwanza kina kanga 10, akabaki 1. Hapo upungufu ni asilimia 90. Kijiji cha pili kina kanga 1,000, wakabaki 900. Hapo ni asilimia 10. Wastani wa upungufu wa vijiji hivyo viwili ni asilimia 50. Lakini ukihesabu kanga wote pamoja, waliopotea ni 109 katika 1,010, yaani kama asilimia 11 tu. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inauliza makundi yana hali gani, ya pili inauliza wanyama wangapi wamepotea. Kwa hiyo tunaposikia asilimia, tuulize kwanza: asilimia ya nini, kuanzia lini, na nani alihesabu?

HALI YA BARA LETU

Afrika nayo kadi yake si nzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipitia aina 8 za tumbusi wa bara letu na kuona wamepungua kwa wastani wa asilimia 62, na aina 7 kati ya hizo zinapungua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka, na zote 4 huonekana Kenya na Tanzania.

Kwetu muuaji mkubwa ni sumu inayowekwa makusudi. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi hupaka mzoga dawa ya wadudu ili alipize kisasi. Jangili naye hutia sumu katika mzoga wa tembo, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali alipo. Mwezi Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo wachache iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537 kwa mkupuo mmoja. Wengine huuawa kwa ajili ya uganga.

Sumu hiyo haichagui. Dawa kali za wadudu zinazomwua tumbusi ndizo tunazokutana nazo wodini: mgonjwa anatokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inatetemeka, pumzi inakatika. Mtoto aliyeshika nyama ile, au familia iliyookota mzoga ili ipate kitoweo, huweza kufa kama ndege.

TUFANYE NINI?

1. Tusiweke sumu katika mzoga wowote. Aliyeliwa mifugo aende kwa ofisa wa mifugo au wa wanyamapori, na aimarishe zizi kwa miiba. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usiwaguse wala usiwaruhusu watoto na mbwa wakaribie. Toa taarifa siku hiyohiyo.

2. Dawa za binadamu tusiwape ng'ombe. Mnyama akiumwa, aulizwe mtaalamu wa mifugo, na aombwe dawa isiyodhuru walao mizoga.

3. Mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Kijiji kikichanja mbwa 7 katika kila 10, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kuenea. Hicho nacho ni kiashiria: mwenyekiti wa kijiji na aulizwe, mwaka huu tumechanja wangapi katika wangapi?

4. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Asipake pilipili, mafuta wala majani. Aje hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anafahamika. Watoto wafundishwe kusema bila kuogopa fimbo, maana wengi huficha.

5. Tuanze kuhesabu. Shule, vijana wa parokia au jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuchagua mahali pamoja, kwa mfano karibu na machinjio au jalala. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 4 hadi saa 5 asubuhi, waandike katika daftari idadi kubwa ya tumbusi walioonekana kwa pamoja, na idadi ya mbwa. Waandike tarehe na hali ya hewa. Mahali pasibadilike, saa isibadilike, na daftari lisipotee kila mara mwalimu anapohamishwa.

Sharti moja la daftari hilo wengi hulisahau: siku asipoonekana tumbusi hata mmoja, iandikwe sifuri. Wauguzi wapya huwa tunawasisitizia jambo hili. Mwezi usio na mgonjwa wa surua hatuachi nafasi tupu katika ripoti, tunaandika 0. Nafasi tupu haijulikani kama hakukuwa na mgonjwa, au muuguzi alikuwa likizo. Sifuri ni habari. Kule Keoladeo sifuri ilikuwa na maana kwa sababu kabla yake kulikuwa na 353.

Bwana wetu alitufundisha kwamba shomoro, wanaouzwa kwa senti chache sokoni, hakuna hata mmoja wao anayesahauliwa mbele za Mungu. Mwaka 1979 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wote wanaotunza mazingira. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si', alilia juu ya viumbe wanaotoweka ambao watoto wetu hawatawaona. Kama Mungu huwahesabu shomoro, si aibu kwetu kumhesabu tumbusi.

Jumapili ijayo mkitoka kanisani, inueni macho mtazame juu ya machinjio. Mkiona wanazunguka, mshukuruni Mungu kwa wazikaji wake. Msipowaona, andikeni sifuri, halafu mkawaulize wazee mara ya mwisho waliwaona lini.